Sakafu ya Mbao Haiuawi na Miguu, Huuawa na Maji

Vikundi vingi vya akina mama katika sehemu zetu za baridi, Kinangop, Molo, Limuru na kwingineko, vimetoka katika ule mtindo wa kununuliana vikombe na sufuria peke yake. Siku hizi zamu ya mzunguko ikimfikia mama, wenzake humwekea sakafu. Sisi wa ofisi ya maendeleo tunalipongeza jambo hili. Nyumba ya mbao yenye sakafu iliyoinuliwa kutoka ardhini ni kavu na ina joto, na watoto hawalali karibu na vumbi. Sakafu ya udongo mkavu ndiyo kitanda cha funza: mayai yake huanguliwa humo na mabuu yake hukulia humo. Kwa hiyo mkimtolea mwenzenu sakafu, mmetunza pia miguu ya watoto wake.

Lakini tukirudi nyumba zile zile baada ya miaka michache, mara nyingi tunakuta mambo mengine. Ubao wa karibu na mlango unabonyea ukiukanyaga. Pembeni mwa ukuta kuna weusi, na ukikaribia unasikia harufu ya uvundo. Ukimwuliza mwenye nyumba atakwambia, "Mbao za siku hizi ni mbaya," au, "Hawa watoto wanarukaruka sana." Na hapo hapo utaona ndoo ya maji na ufagio mgumu vimesimama mlangoni, na nyumba imetoka kuoshwa, maji yangali yanatona kupitia nyufa.

Hebu kwanza tupige hesabu ndipo tuone ni mali gani tunayoiosha hivyo. Chumba cha futi 10 kwa futi 12 kina futi 120 za mraba. Mbao za inchi 6 kwa inchi 1, ambazo ndizo wengi hununua, kila moja ina upana wa nusu futi. Basi chumba hicho kimoja kinahitaji futi 240 za mbao, kabla hujahesabu boriti za chini, nguzo, misumari na mshahara wa fundi. Zidisha hizo 240 kwa bei ya futi moja mnayoulizwa huko kwenu. Mnakumbuka serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu yake mwezi wa Februari 2018 jinsi mbao zilivyokuwa shida, na ni mwaka 2023 tu ambapo Rais alitangaza kwamba marufuku ile inaondolewa. Mti wa saiprasi ukipandwa leo unangojewa miaka kama 25 hadi 30 ndipo utoe mbao nzuri. Hatuwezi kuwa watu wa kubadilisha sakafu kila baada ya miaka mitano.

Mbona basi sakafu inaoza? Watu wengi hudhani ubao ukishapasuliwa umekufa, umekuwa kama jiwe. Sivyo. Ubao ni kama fungu la mirija midogo sana iliyolala pamoja, na mirija hiyo hunywa maji wakati wowote inapoyapata. Ikinywa hutanuka, ikikauka hurudi. Ubao hautanuki kwa urefu wake, hutanuka kwa upana. Ndiyo maana wakati wa mvua ndefu mbao hubanana hadi zingine zikainuka katikati kama mgongo wa ng'ombe, na mwezi wa pili, jua likiwa kali, nyufa hufunguka hata ukaweza kuingiza sarafu. Kila siku ukimwaga debe la maji ndani unailazimisha sakafu kupita mvua na kiangazi kwa saa chache. Msumari unalegea, ubao unapinda, ufa unakuwa mkubwa zaidi, na maji ya kesho yanapata njia pana zaidi ya kuingia chini.

Uozo wenyewe ni kuvu, jamaa ya uyoga, anayekula mbao. Mbegu zake ziko hewani kila mahali na hatuwezi kuzizuia. Lakini hawezi kuota katika ubao mkavu. Ubao ukiwa na unyevu chini ya asilimia 20 ya uzito wake mkavu, kuvu hana lake. Hilo tu ndilo tunaloomba vikundi vishike: sakafu ikae kavu juu na kavu chini. Sakafu za nyumba za zamani za misheni, ambazo babu zetu waliziona zikijengwa, bado zipo nyingine na zinang'aa. Hazikuwa zikioshwa kwa debe. Zilikuwa zikifagiliwa, zikipakwa nta, na kusuguliwa kwa kipande cha blanketi.

Ni kweli pia kwamba nyingi ya hizo ziliwekwa kwa mbao za asili. Mtarakwa huvumilia mchwa na uozo kwa miaka mingi, na mvule vile vile. Saiprasi na paini tunazonunua leo, nyingi zikiwa zimekatwa changa, hazina nguvu hiyo. Lakini hii ni sababu ya kuzitunza zaidi, wala si sababu ya kukata tamaa.

Sasa tuje kwenye kazi ya kila siku. Mchanga na matope makavu ndiyo msasa wa sakafu. Kila mguu unaopita unasugua. Kwa hiyo usafi wa sakafu ya mbao huanzia nje. Wekeni mawe bapa au kokoto mbele ya mlango watu wasitoke katika matope moja kwa moja. Wekeni gunia kuukuu la kupangusia miguu, na likijaa udongo likung'utwe, maana gunia lililojaa udongo halipangusi tena. Gambuti zikae nje. Tunajua kwamba wazee wengine hawapendi kuambiwa wavue viatu mlangoni mwao wenyewe. Mtu wa kuwaambia ni mjukuu, kwake hawakasiriki.

Ndani, fagia kila siku kwa ufagio laini, ukifuata urefu wa mbao ili vumbi lisisukumwe katika nyufa. Katika nyufa ndimo viroboto hukulia, kwa kuwa mabuu yao hujificha na kula uchafu ulio katika vumbi. Kama vumbi ni jingi na linapaa, chukua konzi mbili tatu za unga wa mbao kutoka kwa fundi, unyunyizie maji kidogo tu uwe na unyevu, uutawanye sakafuni halafu ufagie. Unyevu ule hushika vumbi lisiruke likaingia katika chakula na vifua vya watoto. Wanaoishi karibu na majani chai wanaweza kutumia majani yaliyokwisha kupikwa, bora yakamuliwe sana kwanza, la sivyo yataacha madoa katika mbao nyeupe.

Kupiga deki, mara moja kwa juma yatosha, na pengine mara moja kwa majuma mawili katika chumba cha kulala. Shika ndoo mbili. Moja iwe na maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nyingine maji safi. Tia kitambaa katika maji ya sabuni, kikamue kwa nguvu zako zote mpaka kisitone hata tone moja, kisha upanguse sehemu ndogo, tuseme mita moja kwa mita moja. Suuza kitambaa katika maji safi, kamua tena, upite mara ya pili kuondoa sabuni. Halafu papo hapo kausha kwa kitambaa kikavu. Ndipo usogee sehemu nyingine. Mtu akikuuliza mbona unafanya kazi mara tatu, mwambie kwamba sakafu ya simiti na ya mbao si ndugu. Jipimie hivi: ukimaliza sehemu moja, kabla hujahesabu mpaka mia mbili iwe imekauka. Kama bado inang'aa kwa maji, kitambaa chako hakikukamuliwa.

Kazi hii ifanywe asubuhi siku ya jua, milango na madirisha yakiwa wazi. Tunaona wengi hupiga deki Jumamosi jioni ili nyumba iwe safi kwa ajili ya Jumapili. Nia ni nzuri, lakini katika baridi yetu ya usiku sakafu ile hailali kavu. Asubuhi ya Jumamosi itafaa vivyo hivyo.

Majivu, magadi na dawa za kufanyia nguo nyeupe tuziache kando. Majivu na magadi husafisha kweli, lakini huula ubao wenyewe, nyuzi zake zikasimama kama manyoya na rangi yake ikawa ya kijivu. Dawa ya nguo nyeupe hufanya hivyo hivyo, na zaidi ya hayo isichanganywe kamwe na dawa nyingine ya kusafishia, maana mvuke unaotokea unaweza kumdhuru mtu mapafu.

Madoa machache ya kila nyumba. Mkojo wa mtoto ukauke haraka kwa kitambaa, usiuache ukaingia. Kisha panguza kwa kitambaa chenye maji na siki au ndimu kidogo, kausha. Mafuta ya kupikia yakimwagika, nyunyiza unga wa mbao mkavu uyanywe, fagia, ndipo upanguse kwa sabuni. Nta ya mshumaa iache igande kabisa, uikwangue kwa mgongo wa kisu. Weusi unaozunguka vichwa vya misumari ni kutu iliyokutana na utomvu wa mbao kwa sababu ya maji. Huo hautoki kwa kusugua, na anayeusugua kwa steelwool anaongeza vipande vya chuma na kutu zaidi. Sugua polepole kwa msasa laini sakafu ikiwa kavu, kisha upake nta.

Hapo tumemaliza habari za juu. Lakini tungependa kila msomaji apige magoti atazame chini ya nyumba yake, kwa sababu kwa maoni yetu sakafu nyingi zinafia huko. Nyumba ya mbao husimama juu ya nguzo au mawe kwa sababu moja, hewa ipite. Unyevu hupanda kutoka ardhini mchana na usiku, na hewa huuchukua ukaenda zake. Sasa sisi tunafanya nini? Tunaziba. Mmoja amepanga kuni uvunguni, mwingine amezungushia mabati mpaka chini ili kuku walale humo, mwingine amerundika udongo wa msingi dhidi ya ukuta kuzuia baridi. Kinyesi cha kuku ni unyevu, kuni ni chakula cha mchwa, na udongo ulioegemea ubao ni daraja. Mwezi wa saba kukiwa na baridi tunamwelewa mtu anayeziba, hasa mwenye mtoto mchanga. Afadhali aweke mkeka au zulia la magunia juu ya sakafu, aache uvungu upumue. Kama ni lazima kuzuia wanyama, tumieni wavu wa waya au fito zilizoachana, na matundu yawe pande mbili zinazoelekeana ili upepo uingie huku utoke kule.

Uvungu uwe na nafasi ya mtu kuchungulia. Futi moja na nusu kutoka ardhini hadi kwenye boriti ni kimo kizuri. Chini ya hapo hakuna anayeingia kutazama, na kisichotazamwa huliwa. Mchwa wa ardhini hawapendi mwanga, kwa hiyo hujenga mrija wa udongo juu ya nguzo wapite ndani yake mpaka kwenye boriti. Ukiona mrija kama huo, unene wa penseli, uvunje, kisha rudi kesho uone kama umetengenezwa tena. Ukitengenezwa, jueni mchwa wako kazini na mwiteni fundi aikague boriti hiyo. Mafundi wazuri huweka kofia ya bati juu ya kila nguzo, kingo zake zikiwa zimetokeza na kuinama chini. Wengi hudhani kofia hiyo humzuia mchwa. Haimzuii sana, lakini humlazimisha kupita nje ambapo mtu atamwona. Kwa hiyo kofia bila macho ya mwenye nyumba ni bati tu.

Kuna wadudu wengine wasiohitaji udongo. Ukiona matundu madogo kama ya pini na unga laini kama wa ngano umemwagika chini yake, ni wadudu wa mbao wamo ndani. Ubao mmoja ukiwa hivyo, uondoeni mapema kabla hawajahamia wa pili. Tazameni pia maji ya paa. Nyumba isiyo na mfereji wa paa hurushiwa maji na tope kwenye ncha za boriti kila mvua inyeshapo, na vikundi vinavyopanga kununua matangi vitapata faida mara mbili: maji ya kunywa na sakafu kavu.

Sasa jambo ambalo limetufanya tuandike makala hii. Katika vituo vingi tumeona watu wakipaka sakafu oili chafu, ile iliyomwagwa kwenye gereji baada ya gari kubadilishiwa. Sababu zao tunazijua. Hupatikana kwa bei ndogo au bure, huipa mbao rangi nyeusi ya kupendeza kidogo, na inasemekana hufukuza mchwa. Baba wa nyumba akiona nguzo za ua zilizopakwa oili zimedumu, anafikiri ndani pia itafaa.

Ndugu zetu, tunasema bila kuzungukazunguka: oili chafu isiingie ndani ya nyumba. Oili inayotoka katika injini si ile iliyoingia. Imekaa katika joto kali, imekusanya masizi na chembe za metali, na ina kemikali za aina inayojulikana kuleta kansa ya ngozi kwa wanaozigusa kwa muda mrefu. Mtu mzima hukanyaga sakafu kwa kiatu. Mtoto wa miezi minane huitambaa kwa mikono na magoti, halafu hiyo hiyo mikono huingia kinywani. Sakafu tuliyoiweka ili kumwepusha na funza inakuwa inampa sumu kidogo kidogo kila siku. Tena oili hii haikauki vizuri. Inashika vumbi, inapaka nguo za kanisani, na kaa la moto likiangukia mbao zilizolowa oili, moto unapata chakula.

Mafuta taa nayo ni hivyo hivyo. Kuna wanaopangusa sakafu kwa mafuta taa ili kuua viroboto na kunguni. Mvuke wake huumiza kichwa na kifua katika chumba kilichofungwa, na ni hatari ya moto. Lakini kubwa ni ile chupa ya soda iliyoachwa pembeni na mafuta yaliyobaki. Mtoto akiyanywa msimtapishe, wala msimpe maziwa kwa nguvu ati yamsafishe. Akitapika mafuta huingia mapafuni, na huko ndiko yanakoua. Mpelekeni hospitali mara moja, mkichukua na chupa yenyewe.

Kwa wale ambao tayari wamepaka oili: msikate tamaa. Nyunyizeni unga wa mbao mkavu kwa wingi, ukae usiku kucha uinywe, kisha mfagie, mrudie mara kadhaa. Unga huo ulioloa oili msiuhifadhi ndani na msiukokee moto wa kupikia. Baadaye pangusa kwa sabuni kwa njia tuliyoeleza. Wakati huo mtoto atambae juu ya mkeka unaofuliwa. Na kuna dawa moja ambayo mafundi wengi hawaitaji kwa sababu haina mauzo: mbao za kawaida zisizo za ulimi na mfereji zinaweza kung'olewa na kupinduliwa. Upande wa chini mara nyingi ni msafi. Ukipigwa randa kidogo una sakafu mpya kwa gharama ya misumari na siku moja ya fundi.

Badala ya oili, tumieni nta. Vikundi vinavyofuga nyuki vina nta ambayo mara nyingi hutupwa pamoja na masega. Chukua gramu 100 za nta safi iliyochujwa, uikatekate, uitie katika mkebe mkavu, na uusimamishe mkebe ndani ya sufuria yenye maji moto. Nta huyeyuka kwa joto la digrii 62 hadi 64 hivi, kwa hiyo maji hayahitaji kuchemka sana. Ikishayeyuka, ondoa sufuria yote motoni, uibebe nje, mbali kabisa na jiko, sigara au taa. Hapo ndipo umimine tapentaini kiasi cha mililita 300, polepole, ukikoroga kwa kijiti. Narudia kwa ajili ya wale wanaosoma kwa haraka: tapentaini haikaribii moto hata kidogo, mvuke wake hushika upesi. Acha ipoe, itakuwa laini kama mafuta ya kujipaka. Ifunike na uiweke juu watoto wasifike.

Sakafu ikiwa safi na kavu kabisa, paka kidogo sana kwa kitambaa, ukifuata urefu wa mbao. Kosa la wengi ni kupaka nyingi. Nta nyingi hainawiri, inanata na kuteleza, na bibi mzee akianguka akavunjika nyonga hatutakuwa tumesaidia. Ngoja nusu saa, halafu sugua kwa kipande cha blanketi la sufu mpaka ing'ae. Watoto wakikalishwa juu ya blanketi na kuvutwa huku na huku kazi huisha upesi, na hakuna anayelalamika. Mara mbili au tatu kwa mwaka inatosha, mara nyingi zaidi mlangoni. Mkebe wa nta ukiuzwa sokoni au baada ya Misa unaweza pia kuongezea kikundi mapato, lakini uandikwe wazi kwamba unashika moto.

Wengine hupendelea mafuta ya mbegu za kitani, ambayo mafundi huyaita linsidi. Ni mazuri kwa ubao mkavu uliopauka, kwani yanaingia ndani na kukauka, tofauti na mafuta ya kupikia ambayo hubaki kunata na kuita siafu. Lakini vitambaa vilivyotumika kwa linsidi vikikunjwa na kurundikwa pembeni vinaweza kupata joto vyenyewe mpaka vikawaka moto bila mtu kuviwasha. Watu wengi hawaamini mpaka wameona. Vitandazwe nje kimoja kimoja mpaka vikauke na kuwa vigumu, au vitiwe katika maji.

Kuhusu jiko la makaa, tunasema mafupi. Liwe juu ya bati lililowekwa juu ya matofali, na bati litokeze pande zote ili kaa linaloruka lisifike kwenye ubao. Na usiku litolewe nje kabla ya kulala. Moshi usioonekana wa makaa huua watu katika nyumba iliyofungwa, na nyumba yenye sakafu nzuri isiyopitisha upepo ndiyo inayofungika zaidi.

Tunapendekeza kila kikundi kiwe na siku mbili kwa mwaka za kukagua sakafu za wanachama, moja kabla ya mvua ndefu na nyingine kabla ya mvua fupi. Watu watatu wanatosha, mmoja akiwa na tochi, mwingine bisibisi, mwingine daftari. Chomeni kwa bisibisi ncha za boriti, sehemu ya mlango na pembe ambapo maji ya kuoshea vyombo humwagika. Ubao mzima hukataa, ulioza huingia kama viazi vilivyoiva. Misumari iliyoinuka ipigwe izame. Ubao unaolia ukikanyagwa upigwe msumari kwenye boriti, na penye kusuguana pakwangue sabuni kavu au mshumaa. Nyufa za kiangazi zisijazwe kwa kitu kigumu, kwa sababu mvua ikija mbao zitatanuka na kukosa pa kwenda. Ufa mkubwa mno utiwe ufito mwembamba wa mbao, ubandikwe gundi upande mmoja tu.

Na mkibadilisha ubao, nunueni uliokauka. Ubao mbichi ni mzito, ni baridi ukiuwekea shavu, na ukipigwa msumari maji yanachungulia. Wengi huuziwa mbichi Jumatatu na fundi anaupigilia Jumanne. Unukie mapema, uupange kivulini, vijiti vikiwa kati ya ubao na ubao hewa ipite, na juu yake paa la mabati, kwa miezi kadhaa kabla ya kuutumia. Hapa kikundi kina nguvu kuliko mtu mmoja: mnaweza kununua mbao za mama wa zamu ya tatu leo, zikakauka wakati wa zamu ya kwanza na ya pili. Kwa nguzo za chini tafuteni zilizotiwa dawa kiwandani. Vipande vyake vinavyobaki vifukiwe mbali na kisima. Visiingie jikoni hata siku moja, kwa sababu moshi na majivu yake vina sumu ile ile inayomzuia mchwa.